Kamba wa Kibengali hakatwi kichwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku lililonikaa tangu Jumamosi. Ukurasa wenu wa mapishi wa siku hiyo ulikuwa na "Mchuzi wa Kamba wa Kibengali". Niliusomea hapa Kolkata, kwenye simu, mwiko mkononi na sufuria ya dengu ikinifokea nyuma, na nilipofika mwisho nikarudi juu, nikidhani nimeruka mstari. Nyanya 4. Kitunguu saumu punje 6. Kopo zima la krimu. Kamba "wakatwe vichwa, vichwa vitupwe", kisha wachemshwe dakika 25 mpaka walainike.

Kamba halainiki kwa kuchemshwa, Mhariri. Kadiri unavyomchemsha ndivyo anavyokaza, na akifika dakika 25 huna kitoweo tena, una kamba ya kufungia ng'ombe.

Sina ugomvi na aliyeandika. Huenda mchuzi wake ni mtamu na kwake wanaramba sahani. Ugomvi wangu ni na lile neno "wa Kibengali". Jikoni kwangu kuna mtu ambaye neno hilo linamhusu, na mtu huyo kamba hajawatia mdomoni tangu mwaka 1994.

Nieleze. Mimi ni mtu wa pwani, nililetwa huku na kazi ya mume wangu, na huu ni mwaka wa saba tumepanga ghorofa ya juu ya nyumba kongwe mtaa wa Bhowanipore, kusini mwa jiji. Chini anakaa mwenye nyumba, bibi wa miaka themanini na kitu. Namwita Mashima, kama wanavyoitwa hapa kina mama wa rika lake. Ni kama kumwita mtu mama mdogo, kwa heshima. Yeye huniita "ma", mama, vilevile kama bibi zetu wanavyotuita sisi. Alifiwa na mumewe mwaka huo wa 1994, na katika nyumba za Kihindu za zamani huku Bengali mjane huacha samaki, nyama, kitunguu maji na kitunguu saumu. Siku hizi wengi hawafuati tena. Watoto wake mwenyewe wamembembeleza ale. Hataki. Ishwar Chandra Vidyasagar, msomi wa Kibengali, alipigania sheria ya mwaka 1856 iliyowaruhusu wajane kuolewa tena. Habari za sufuria sheria ile haikuzigusa.

Nilimwuliza mara moja tu kama anawatamani kamba. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mwaka wa kwanza nilikuwa nawaota," akaendelea kuchambua.

Lakini kunifundisha kuwapika hakuona tabu. Hupanda ngazi zetu akishika ukuta, anaketi kwenye mora, kile kigoda cha matete, mlangoni pa jiko langu, mguu haingizi, na kutoka pale ananiendesha kwa pua na masikio. Karai yangu haigusi, mwiko wangu haugusi. Yote ninayoyajua ya chingri malaikari, ndio mchuzi wenyewe wa kamba kwa Kibengali, nimeyapata hivyo.

Tuanze na jina, maana nadhani ndilo lililomponza mwandishi wenu. Alisoma "malai", akakumbuka malai ya kwetu, akakimbilia kopo la krimu. Krimu haimo. Kilichomo ni tui la nazi. Wako wanaosema jina limetokana na malai kwa sababu ya ule ulaini wa tui, na wako wanaosema limetoka nchi ya Malaya, Malesia ya leo, ng'ambo ya Ghuba ya Bengali, kwa wapishi wa tui kama sisi. Mashima hana habari na mjadala huo. Anasema jina la chakula ni la wageni, mwenye nyumba anajua kilichomo.

Na kamba mwenyewe. Huku wapo wa aina mbili wanaotajwa kwa heshima. Bagda ni yule mwenye mistari, wa baharini na wa bheri, mabwawa ya maji ya chumvichumvi upande wa misitu ya mikoko ya Sundarbans. Golda ndiye mfalme wa mchuzi huu, na hapo utashangaa, si wa baharini. Anaishi mtoni, maji ya chumvichumvi ya mdomo wa mto anayahitaji kwa ajili ya watoto wake tu. Dume lake lina makucha marefu ya buluu, na kichwa kikubwa kiasi kwamba ukiweka mzani, karibu nusu ya uliyemnunua ni kichwa. Sasa piga hesabu ya "vichwa vitupwe".

Mimi nilikuwa kama mwandishi wenu. Jumapili yangu ya kwanza nilikwenda Jadubabur Bazar peke yangu, jambo lenyewe lilikuwa kioja, kwani huku kununua samaki ni kazi ya wanaume. Utawaona wazee wamevaa vizuri, mfuko wa nailoni mkononi, wanafunua mashavu ya samaki mmoja baada ya mwingine na kubishana kama wako mahakamani. Muuzaji ameketi juu ya jukwaa la saruji, mbele yake boti, kisu kikubwa kilichopinda na kusimama wima, amekikanyaga kwa mguu. Kisu hakimfuati samaki. Samaki ndiye anayepelekwa kwenye kisu. Alitaka rupia 900 kwa kilo, kilo ikawa kamba 6. Nikamwambia anikatie vichwa. Mkono ukasimama hewani. Mzee mmoja nyuma yangu akacheka bila kuficha.

"Boudi," muuzaji akaniambia, yaani shemeji, mke wa kaka, "kichwa ndicho unacholipia."

Ndani ya kichwa cha golda kuna mafuta ya rangi ya chungwa, wenyewe wanayaita ghilu. Yakiingia kwenye mafuta ya moto yanayeyuka na kuupaka mchuzi wote rangi na ladha ambayo nyanya 40 haziwezi kuileta. Unachotoa ni vitu vichache: kwa mkasi unakata ule msumeno wa mbele ya macho, ndevu na miguu, kisha kwa tundu hilohilo unavuta kifuko cheusi kilicho nyuma ya macho, ambacho ndicho tumbo lenye uchafu. Unapasua mgongo kidogo na kuvuta ule uzi mweusi. Basi. Ganda la kichwa libaki, la mkia libaki. Paka chumvi na manjano, waweke pembeni dakika 15.

Nazi ndiyo iliyonipandisha cheo. Kuna boti yenye ncha bapa ya duara yenye meno, unakaa kwenye ubao wake na kukuna. Mashima alimtuma msichana wa kazi aniletee, akakaa kunitazama kwa jicho la kusubiri mgeni ajikate kidole. Mhariri, mimi nimekua juu ya mbuzi. Nilikaa, nikakuna nazi nzima bila kufikia kahawia ya kifuuni, mkono unazunguka wenyewe. Akakohoa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama yako amekufunza." Tangu siku hiyo ndipo alianza kunielekeza kwa maneno marefu.

Tui la kwanza kikombe kimoja, zito, uliweke pembeni usiliguse. La pili vikombe viwili. Kifumbu huku sijakiona. Tunakamulia kitambaa cha sari kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikawa nyepesi kama utando wa kitunguu.

Mafuta ni ya haradali, na hapa nawaomba wasomaji wako wasikilize, maana mapishi yenu yaliandika "mafuta yoyote ya kupikia". Ya haradali yakiwa mabichi yana ukali unaopanda puani mpaka machozi. Unayaweka kwenye karai ya chuma, vijiko 5 vya kulia kwa kilo ya kamba, na unayaacha mpaka yaanze kutoa moshi na rangi ya dhahabu iliyoiva ipauke. Hapo ukali umekwenda, imebaki harufu. Mara ya kwanza niliogopa moshi nikazima mapema. Mashima hakuona, alikuwa ameelekeza uso kwenye ngazi. Akasema, "Rudisha moto, bado yananichoma pua." Baada ya kutoa moshi punguza moto, ndipo uweke kamba; ukiwatupa katika moshi wenyewe utawaunguza manjano.

Nunua ya chupa au pakiti iliyofungwa, usinunue ya kupimiwa. Mwaka 1998 kule Delhi mafuta ya haradali yaliyochanganywa na mafuta ya mbegu za argemone yaliwavimbisha watu miguu na kuua makumi. Mashima hadi leo anakagua mfuniko kama askari wa forodha. Na kuna nchi, Marekani mojawapo, ambako chupa zake huandikwa kuwa ni ya kupaka mwilini tu, kwa sababu ya asidi ya eruki iliyomo. Wabengali wa huko hununua, wakaenda nayo jikoni. Atakayeyakosa kabisa atumie ya nazi na apike kwa amani, ila asimwite mchuzi wake malaikari.

Kamba wanakaangwa dakika moja upande huu, dakika moja upande ule, wakishajikunja na kuona haya wanatolewa. Bonyeza vichwa kidogo kwa mgongo wa mwiko, yale mafuta ya chungwa yatoke. Katika mafuta yaleyale weka majani 2 ya tejpata, majani makavu ya jamii ya mdalasini, kijiti cha mdalasini, iliki 4 zilizopasuliwa na karafuu 4. Kisha chembe ya sukari. Itayeyuka na kugeuka kahawia, na ndiyo inayompa mchuzi rangi ya mng'aro. Fuatisha vitunguu maji 2 vilivyosagwa, kidole cha tangawizi iliyosagwa, nusu kijiko cha chai cha manjano, kijiko cha pilipili ya Kashmir ambayo kazi yake ni rangi kuliko ukali, na chumvi.

Hapa ndipo penye uvivu wa wengi. Wenyewe wanasema koshano: kukaanga viungo taratibu, unakwangua, unanyunyiza maji kidogo, unakwangua tena, mpaka mafuta yajitenge pembeni. Kwangu huchukua robo saa. Mashima anausikiliza. Kitunguu kikiwa na maji bado kinapiga kelele nyembamba. Maji yakiisha sauti inashuka, inakuwa nzito, kama mtu anayesaga meno usingizini. Niliposema "tayari" kabla ya wakati alikuwa ananijibu bila kugeuka, "Bado kinalia." Siku hizi nami nasikia. Mume wangu anasema tumekuwa wachawi wawili.

Kitunguu saumu hakimo, nasi hatujakisahau. Nakubali nyumba na nyumba: wapo wanaotia bizari nyembamba, wapo wanaotia mtindi kijiko, hoteli hutia korosho za kusaga ili mchuzi uwe mzito kwa bei nafuu. Kitunguu saumu nacho wapo wanaokitia. Ila punje 6 juu ya tui la nazi moja ni kelele, kamba hasikiki.

Tui la pili liingie, lichemke dakika chache, kisha moto ushuke kabisa ndipo umimine la kwanza. Hilo mtu wa pwani hafundishwi. Likichemka kwa fujo litakatika. Kamba warudi na pilipili mbichi 5 au 6 zilizopasuliwa, funika, dakika 5. Wakiwa wakubwa sana, 6. Kijiko cha chai cha samli, iliki na mdalasini wa unga kidogo, zima, usifunue kwa muda wa kunywa chai. Wali mweupe, basi.

Ukiacha ile chembe ya rangi, sukari nimeiacha makusudi, kwa kuwa ndiyo hadithi yenyewe. Mashima hakuzaliwa Kolkata. Kwao ni Barisal, ambako sasa ni Bangladesh. Mwaka 1948, baada ya nchi kugawanywa India na Pakistan, familia yake ilipanda meli ya mtoni hadi Khulna, kisha treni hadi stesheni ya Sealdah, yeye akiwa na miaka saba na kasuku ndani ya kikapu. Watu wa mashariki huitwa Bangal, wa magharibi Ghoti, na hao Ghoti wana sifa ya kutia sukari katika kila kitu. Yeye akaolewa nyumba ya Ghoti. Mama mkwe akaonja mchuzi wake wa kwanza, akauliza nani amekasirika jikoni. Tangu hapo kijiko kimoja cha chai cha sukari huingia pamoja na tui la kwanza. "Si yangu," huniambia kila mara. "Ni ya mama mkwe."

Kuna na mpira. Huku samaki nao wana timu. Mohun Bagan, klabu ya mwaka 1889, iliyowafunga askari wa Kiingereza wa East Yorkshire fainali ya kombe la IFA Shield mwaka 1911, mashabiki wake husherehekea kwa kamba. East Bengal, ya mwaka 1920, ni ya watu wa mashariki, na mashabiki wake husherehekea kwa samaki aitwaye ilish. Wakikutana, mshindi hupandisha bei ya kitoweo chake sokoni. Marehemu mumewe alikuwa Mohun Bagan damu. Kila waliposhinda alirudi na golda wamefungwa kwa gazeti, na Mashima, ambaye moyo wake ulikuwa na watu wa mashariki, akawapika kamba wa ushindi huku roho inamwuma. Siku East Bengal waliposhinda, anasema, bwana alirudi nyumbani na boga.

Kuonja sasa. Yeye haonji, kwa hiyo ameniachia ulimi wangu na kuutawala kutoka mlangoni. Nikionja ananiuliza: kitu gani kimefika kwanza? Utamu unatakiwa utangulie, wa nazi na wa ile sukari ya mkwe. Chumvi ifuate. Pilipili ije mwisho, nyuma ya koo, baada ya kumeza. Nikisema chumvi imefika ya kwanza ananiambia niongeze tui. Nikisema zimefika pamoja ananyamaza, na hapo najua hajaridhika, kwa sababu anafikiri nadanganya. Katika miaka saba amekosea mara moja, na siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa na mafua.

Jumamosi jioni nilimtafsiria mapishi yenu mstari kwa mstari. Niliona ni haki asikie. Kwenye nyanya alitikisa kichwa, akasema pengine zilikuwa zinaoza. Kwenye krimu aliuliza kama mpishi ni mgonjwa. Kwenye dakika 25 alifunika mdomo kwa ncha ya sari, na mabega yakawa yanacheka. Basi nakuomba, Mhariri, toleo lijalo mchapishe marekebisho, hata kwa herufi ndogo chini ya matangazo: nyanya na krimu zitoke, tui liingie, dakika 25 ziwe 5, na kijiko kimoja cha sukari mkiandike kwa jina la mama mkwe, Mashima ameomba hivyo.

Ya vichwa niliiacha mwisho, nikijua itamwuma.

"Wamempa nani?" akauliza.

Nikamwambia hawakumpa mtu, imeandikwa vitupwe tu. Akafikiri kidogo, akashika ukuta aanze kushuka ngazi.

"Basi huko malaikari alikula paka."

Msomaji wenu,
Bhowanipore, Kolkata